Ramani ya Isale

Kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu ilikuwa kusikiliza miti ikiliwa. Nilikuwa na chumba kimoja pale kituoni Lyarungu, kiti kilichovunjika egemeo, na ubao wa kioo ukutani ulioonyesha kata nzima, kutoka mfereji wa juu mpaka barabara ya lami. Kila mringaringa, kila mfuruanje na kila mparachichi ulikuwa umepigiliwa msumari wa shaba wenye sikio ndani yake. Mti ukiwa mzima, nukta yake ubaoni ni ya kijani. Kekee akianza kutoboa, sikio linamsikia, nukta inageuka nyekundu, na mimi Aikande Urio natia sahihi ili watu wa misumeno waje.

Kekee ndiye mdudu mwenyewe. Jina lake la vitabuni ni refu na sijawahi kulitamka bila kujing'ata ulimi. Ni mbawakawa mdogo, hazidi punje ya ulezi, na tulimwita hivyo kwa sababu tundu lake ni la mviringo safi, utadhani fundi amepitisha kekee yake. Sheria ya kupambana naye ilikuwa moja tu, na watu waliiita Duara. Mti mmoja ukipatikana na kekee, unakatwa huo pamoja na yote iliyo hatua themanini kuuzunguka, kisha inasagwa na kuchomwa. Nani angenipenda kwa kazi hiyo? Waliniita Mama Masikio, na hawakuwa wakinisifu.

Asubuhi moja ya Februari Dakta Nyamizi aliingia chumbani kwangu akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ametumwa kutoka makao makuu wiki mbili kabla. Ni mtu wa Tabora, binti wa mrina asali, mwanamke mrefu asiyependa kukaa. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu bila hata kunisalimia.

"Mama Urio," akasema hatimaye, "huyu mdudu anaruka umbali gani?"

"Hatua mia akijitahidi. Upepo ukimsaidia, mia na hamsini."

"Sasa hapa alifikaje?" Akaweka kidole kwenye nukta nyekundu chini, karibu na barabara, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha Mzee Nderimo Makundi. Akakivuta kidole mpaka nukta nyingine nyekundu juu kabisa, kwa Mama Kilasara, kando ya mfereji. Katikati kulikuwa na nyumba sita na zote zilikuwa kijani. "Na hapa? Na hapa?" Nukta zilikuwa ishirini na tatu, na hakuna mbili zilizogusana. "Huu si upepo. Kuna mtu anambeba, tena anampeleka nyumba fulani na kuiruka nyingine."

Nilianza kumjibu kwamba labda ni kuni, labda ni mbao za kitanda. Kisha nikaitazama ramani kama mtu wa Lyarungu na siyo kama mtumishi wa kituo, nikaiacha habari ya kuni.

Nderimo na Kilasara hawakusemeshana miaka minne kwa sababu ya zamu ya maji. Krismasi ya mwaka juzi niliwaona harusini wakipokezana kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Sikuuliza. Kwetu hatuulizi. Zile nukta mbili za kule kanisani, moja ilikuwa ya mwalimu wa kwaya, na ya pili ya yule mama aliyewahi kumwita mwizi mbele ya watu. Nukta za upande wa mashariki zilikuwa za ndugu wawili waliopigania mpaka wa baba yao. Nilizipitia moja moja. Ilikuwa ramani ya watu waliosameheana.

Nikakitafuta kihamba cha Foibe Ngowi, rafiki yangu wa siku nyingi, na nukta chache alizobaki nazo zilikuwa kijani. Nikajiambia kwamba kijani ni heri. Nilijidanganya kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

*

Msomaji wa mbali huenda hajui isale ni nini. Ni mmea wa majani marefu na shina la kama mkono wa mtoto, na ndio uzio wetu. Vihamba vya Lyarungu ni mia saba, na kila kimoja kimezungukwa na isale pande zote nne. Ukimkosea mtu na kosa likakulemea, unakata fimbo ya isale kwenye uzio wako, unafunga jani lake fundo, unaipeleka asubuhi kabla hujasalimiana na mtu mwingine yeyote. Unataja kosa lako mara moja. Aliyekosewa hawezi kuikataa. Anaipokea, anaichomeka mpakani kwake, nayo inachipua yenyewe. Kuanzia hapo jambo lile halisemwi tena, na yeyote kati yenu. Atakayelisema ameing'oa isale, na ugomvi umerudi pale pale ulipokuwa.

Sasa niseme langu, maana bila hilo simulizi hii haina mguu.

Miaka mitatu kabla ya asubuhi ile, sikio moja kwa Foibe liligeuka jekundu. Nilikuwa na nyekundu nyingine tisa wiki ile na nilikuwa nimechoka. Nilitia sahihi bila kupanda kwenda kupasua tawi na kutazama. Duara likapita kwenye kihamba cha Foibe, miti sitini na mmoja, yote iliyopandwa na marehemu mume wake Eliakimu, pamoja na mringaringa alimotundika mizinga yake. Nyuki wakahama siku ile ile. Wiki moja baadaye, kwenye rundo la magogo, niliukuta ule mti wenye sikio. Ndani yake kulikuwa na nyuki seremala, yule mweusi mnene anayetoboa maboriti ya nyumba. Kekee hakuwepo hata mmoja.

Sikuandika popote. Kituo kingenifukuza, na watu wasingeamini masikio tena, na mimi nilijiambia hilo la pili ndilo lililonizuia. Lakini nilikata fimbo ya isale kwenye uzio wangu nikampelekea Foibe. Tulipata kipaimara siku moja mimi na yeye, tumekaa benchi moja miaka na miaka. Alinisikiliza, akapokea, akaichomeka. Hakusema neno, si siku ile wala baadaye.

Na kwenye uzio wangu ndiko kituo kilikoegesha makreti ya masikio yalipoletwa kutoka ng'ambo, kwa kuwa hakikuwa na stoo. Makreti ya mbao mbichi, miezi mitano, kabla sijakata ile fimbo; kekee alikuwa na muda wa kuhamia kwenye isale. Hesabu hiyo sikuhitaji Dakta anifanyie.

*

Nilimweleza Dakta Nyamizi habari ya isale mchana huo huo, ila langu nililiweka mfukoni. Alinitazama kama mtu aliyepewa maji baada ya safari.

"Twende tukapasue moja," akasema.

Tukaenda kwangu, nami ndiye niliyesema twende kwangu. Alikata shina kwa panga, akalipasua kwa urefu. Ndani kulikuwa na vijia vyembamba kuliko uzi wa kushonea gunia, na kila kijia kilikuwa na utando mweupe ukutani. Akaukwangua kwa ukucha.

"Unaona huu ukungu? Watu wanadhani kekee anakula mti. Hali. Analima. Anachimba shamba, anapanda ukungu wake, analisha watoto wake. Mti unakufa kwa sababu ukungu unaziba mishipa ya maji." Akagonga shina kwa kipini cha panga, likatoa sauti ya mto wa sufi. "Na shina hili ni nyuzi na maji. Halivumi. Masikio yako yasingesikia kitu humu hata miaka kumi. Anakaa hapa kimya, anaongezeka, halafu mvua za masika zikigonga anatoka kwenda kwenye mti wa jirani."

"Na dawa yako?"

"Chachu." Alikuwa amekuja nayo kwenye masanduku ya baridi, chupa ndogo mia tatu. Ni hamira ya aina yake, iliyotengenezwa ile ukungu huo tu na kisha ife. "Tone moja ndani ya kijia. Shamba linakufa, mkulima anakufa njaa, mti unabaki umesimama. Lakini nina mia tatu, na zinakaa wiki tano tu. Siwezi kupaka uzio wa vihamba mia saba. Lazima nijue isale zipi zilipelekwa."

"Hawatakwambia."

"Sihitaji kujua nani alimkosea nani. Waoneshe mahali tu."

"Dakta, kuonesha mahali ndiko kusema. Ukipaka rangi isale iliyo mpakani kwangu, kata nzima itajua kuna mtu aliniomba radhi. Kufikia jioni watajua ni nani, na kesho yake watajua ni kwa nini."

Akafungua mkoba wake. Kisha akanipa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa marufuku: hakuna kukata, kubeba wala kupanda isale katika kata ya Lyarungu mpaka itakapotangazwa tena. Nilitia sahihi. Ya pili ilikuwa ya makao makuu. Misumeno isimame kwanza. Ikiwa hadi tarehe kumi ya Machi njia ya kekee haijulikani, kata nzima itahesabiwa kuwa Duara moja. Miti elfu kumi na nane. Kahawa bila kivuli, migomba bila kivuli, na mfereji ukipita juani mpaka chini.

"Hiyo hawakuniuliza mimi," Dakta akasema. "Nisingeitia sahihi."

*

Nilizunguka siku sita. Sijawahi kukaribishwa vizuri namna ile na kurudi bila kitu. Mzee Nderimo alinikalisha kivulini, akaniletea ndizi za kuchoma, akaniuliza habari za miguu yangu.

"Mzee, isale zilizoletwa hapa, au zilizotoka hapa," nikasema, "nioneshe mahali tu."

"Isale?" Akageuka kuutazama uzio wake kana kwamba umejengwa jana. "Hizi zote zimeota zenyewe, mwanangu."

"Mti wako umekufa, mzee. Ule pale. Na wa Mama Kilasara umekufa."

"Nimeuona." Akamenya ndizi. "Wewe unataka niokoe mti nimpoteze jirani. Nilikaa miaka minne bila jirani. Mti ulikuwepo. Haukunisaidia."

Niliaga nikaondoka. Nilikuwa na langu mfukoni kama yeye. Siku ya saba nilimtazama Dakta akipanga chupa zake, nikaona njia ya mkato, na sioni aibu kusema kwamba niliipenda. Ningechukua chupa moja, nikamwekee Foibe tone kwenye ile isale yangu, na hakuna atakayejua. Kwa Foibe kungepona. Langu lingebaki limezikwa. Hao wengine wangejijua wenyewe na tarehe kumi yao. Niliomba chupa, Dakta akanipa bila kuuliza, nikaitia ndani ya mkoba.

Foibe alikuwa akianika maharage uani. Kihamba chake baada ya Duara kilibaki karibu kitupu, ila alikuwa amepanda upya. Miche ya mringaringa ishirini hivi, imefika mabegani. Nilikuwa nimeipitia mara nyingi nikienda kanisani na sikuwahi kuitazama, maana kuitazama kungekuwa kulisema lile jambo. Siku hiyo niliitazama. Majani ya juu yalikuwa yamenyauka, na chini ya kila shina kulikuwa na unga mweupe wa mbao, kidogo, kama chumvi iliyomwagika.

Miche ilikuwa michanga mno kupigiliwa masikio. Ndiyo maana ubao ulikuwa kijani.

"Karibu, Aikande," Foibe akasema. "Umechelewa mwaka mmoja."

Aliniongoza mpakani. Isale yangu ilikuwa imekua ndefu kunizidi. Shina lote lilikuwa na matundu, na kila tundu lilikuwa limezibwa kwa nta ya nyuki, moja moja, kwa kidole. Mengine yalikuwa yametobolewa upya kando ya nta.

"Ulijua," nikasema.

"Tangu Krismasi ya mwaka juzi. Kila Jumamosi naziba. Nikajua nikija kituoni mtaniuliza, imetoka wapi hii? Nami nilishaipokea. Ningesema nini?" Alikwaruza nta iliyolegea. "Nikasema labda nta itatosha. Haikutosha."

Nilishika ule mkoba nikaona haya kuufungua. Mwanamke huyu alikuwa ameacha miti yake ya pili iliwe kwa kuilinda siri yangu, na mimi nilikuwa nimekuja na chupa ya kuendelea kujificha. Nililia. Sikulia sana, lakini nililia, na yeye akasubiri nimalize.

"Foibe, nataka kulisema. Kwenye mkutano alioitisha Dakta Jumapili. Wasiposikia mmoja anaanza, hakuna atakayeanza. Lakini siwezi kulisema bila ruhusa yako, na ruhusa hiyo ilitakiwa niiombe na isale mkononi, kwa sababu nalifukua."

Akaitazama mikono yangu. "Na isale iko wapi?"

"Imepigwa marufuku."

"Na nani?"

"Na mimi. Nimetia sahihi mwenyewe."

Foibe alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika uzio, akakumbuka uzio wenyewe una nini, akauachia, akaketi chini kwenye majani makavu. Nami nikaketi. Sijui tulikaa pale muda gani.

"Sema," akasema hatimaye, akijifuta macho kwa upande wa kanga. "Nakuruhusu mikono mitupu. Lakini useme yote. Usiseme ulikosea kidogo, usiseme mashine. Sema miti ya Eliakimu ilikuwa mizima, na wewe hukupanda kuja kutazama."

"Nitasema."

"Na mimi nina la kukuomba radhi, kwa kunyamaza mwaka mzima. Ila umenifungia njia." Akasimama akakung'uta sketi. "Ngoja marufuku yako iishe."

*

Jumapili baada ya ibada watu walijaa kwenye ghala la ushirika la kahawa. Dakta Nyamizi alipasua shina mbele yao, akawaonesha vijia, akawaambia habari ya chupa mia tatu na tarehe kumi. Alieleza vizuri. Walimpigia makofi kwa adabu, kisha kila mtu akatazama viatu vyake.

Nikasimama. Nilisema jina langu kana kwamba hawanijui. Nilisema makreti yalikaa kwangu, na uzio wangu ndio ulioanza. Kisha nikasema la Foibe, kama alivyoniagiza, miti sitini na mmoja, mizima, sikupanda kutazama, nikakuta nyuki seremala nikaficha. Nikasema nilipeleka isale, nikasema imechomekwa wapi.

Nikabaki nimesimama. Kisha Barikieli, fundi bomba wa nyumba za juu, akauliza kutoka nyuma, bila kupandisha sauti, "Mama Urio, kwangu ulikata arobaini. Nayo ilikuwa mizima?"

"Hapana," nikasema. "Kwako nilipanda, nikapasua, nikamwona kekee. Lakini najua sasa huwezi kuniamini, na sikulaumu."

"Sikuamini," akasema. Akaketi. Neno hilo bado linaniuma, na ni haki yake.

Foibe akainuka mahali pake, upande wa akina mama. "Mimi nilipokea," akasema. "Na leo amelisema kwa ruhusa yangu. Kwa hiyo hakuna kilichong'olewa. Mwenye masikio amesikia." Akaketi.

Nilidhani ndiyo basi. Mzee Nderimo akakohoa, akasimama kwa kushikilia bega la mtu wa mbele.

"Mimi naonesha mbili," akasema.

"Moja ni kwangu," akasema Mama Kilasara kutoka mlangoni. "Kando ya mfereji, karibu na jiwe. Nampa ruhusa, naye anipe, tumalize."

"Nakupa," akasema Nderimo.

"Na ya pili, mzee?" Dakta akauliza, kalamu mkononi.

Nderimo akasita. Mke wake Manka, aliyekaa safu ya pili, alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. "Ni yangu," akasema nyuma ya kitabu. "Iko nyuma ya jiko. Na msiulize."

Watu wakacheka, ghala zima, hata Barikieli. Baada ya hapo walikuja wawili wawili. Hilo sisi wenyewe hatukulipanga. Aliyetoa na aliyepokea walisogea pembeni, wakanong'ona, mmoja akaomba na mwingine akaruhusu, kisha wakaja mezani kwa Dakta wakiwa pamoja wakaonesha mahali kwenye ramani. Wachache waligombana upya, na ndugu wawili wa mashariki walitoka kila mmoja na mlango wake. Lakini hata wao walirudi kabla ya jua kuzama, kwa nyakati tofauti, wakaonesha. Zilikuwa isale mia moja na kumi na mbili. Dakta alizihesabu mara mbili, akavua miwani, akasema chupa zinatosha na kubaki.

*

Kituo kiliniondoa mwezi huo huo, kama nilivyojua. Chumba cha ubao alipewa msichana wa Marangu mwenye macho makali, na sharti lake la kwanza ni kwamba hakuna sahihi bila mtu kupanda kupasua tawi. Masika yalinyesha. Nyekundu zilitokea nne, zote pembeni mwa isale ambazo hazikuoneshwa. Misumeno ya kata nzima haikuja.

Lakini marufuku ilibaki, maana Dakta hakutaka fimbo hata moja itembee. Na miezi ikapita, na watu wakaanza kukosana kama kawaida ya watu, na hawakuwa na cha kupelekeana. Mama mmoja alijaribu kupeleka sukari. Ilirudishwa.

Ndipo Dakta Nyamizi alipochukua ncha za isale, vipande vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, akavisafisha akavitia kwenye chupa za kioo zenye uji wa chakula cha mimea. Baada ya miezi saba kila chupa ilikuwa na isale yenye mizizi, majani manne, na hakuna mdudu aliyewahi kuigusa. Alipohamishwa alikwenda mwenyewe kuniombea kazi. Nikapewa chumba cha chupa, ambacho kilikuwa stoo ambayo zamani hatukuwa nayo. Kina mlango wa mbele na mlango wa uani. Sheria aliyoiandika ukutani kwa mkono wake ni fupi: kila mtu na chupa moja, na mtunza chupa haulizi sababu wala inakopelekwa.

Siku ya kufungua kulikuwa na foleni kabla sijafika. Wa kwanza alikuwa Foibe. Tulisalimiana kama watu wa foleni. Alizitazama chupa zote za rafu ya kwanza, akaiinua moja kwenye mwanga, akairudisha, akachagua nyingine yenye jani refu kidogo. Nikamwandikia alama ya chupa moja. Akatoka mlango wa mbele.

Nilikuwa nimeinama nikitafuta kitambaa nilipousikia mlango wa uani ukifunguka. Foibe aliingia tena, amezunguka jengo zima, bado hajapumua sawasawa. Akaweka chupa juu ya meza yangu. Jani lilikuwa dogo mno kushika fundo, kwa hiyo alikuwa amelifunga kwa uzi mwekundu wa kushonea. Akataja kosa lake mara moja, kama inavyotakiwa. Ameniruhusu nisimulie mpaka hapa tu, na alichosema pale mezani sitakirudia.

Nikaipokea. Foleni ilisubiri, na hakuna aliyelalamika. Nikatoka nayo kwenda nyumbani, mpakani, pale uzio wangu ulipokuwa umeng'olewa wote kwa ajili ya kekee, nikachimba kwa kijiko cha chai, maana jembe lingekuwa kubwa mno.